Uzi maalum: kuchomeka mziki wa jukwaani kwenye soketi kubwa (ampea 32, 63 na kuendelea) bila kuunguza vyombo wala kuua mtu

#1 Mleta uzi

Wakuu salama? Huu uzi nimeuahirisha muda mrefu ila juzi nimepigiwa simu tena na kijana anafunga mziki, swali lile lile, "kaka hapa ukumbini nimekuta soketi kubwa nyekundu ina matundu matano, naingizaje mziki wangu hapo?" Nikaona bora niandike mara moja, mafundi wengine mtaongezea nyama.

Nianze na lililonikuta mwenyewe. Enzi naanza hii kazi tulikuwa na kidude tunakiita pweza. Upande mmoja plagi ya bluu ya ampea 32, upande wa pili soketi tatu za ampea 16, ndani hamna breka hamna fyuzi, ni waya tu zimeungwa. Tulimpenda sana yule pweza maana popote tulipoenda tunachomeka fasta tu. Sasa siku moja ekstensheni zilikuwa pungufu, tukatupia sabufa zote na nusu ya taa kwenye ekstensheni moja ya kuviringisha, waya wa milimita moja na nusu (za mraba, ndo unene wa shaba yake), mita 40, na tulichovuta ni kama mita 10 tu, zilizobaki zimelala kwenye gurudumu lake nyuma ya jukwaa. Breka ya ukumbi imetulia kabisa. Nusu saa ndani ya shoo nikasikia harufu, ile ya plastiki inayoanza kuiva, ukishaisikia mara moja huisahau. Kwenda nyuma nakuta gurudumu limelainika, nikibonyeza kidole kinaacha alama, na mizunguko ya ndani imeshikana kitu kimoja kama nta. Nikachomoa kwa kutumia fulana. Breka ukutani bado imesimama, haina habari.

Na breka haikuwa mbovu, hapo ndo wengi wanapokosea. Breka ya 32 imewekwa kulinda waya uliopita ukutani mpaka kwenye soketi, basi. Waya wako wewe haiujui. Tena hata huo wa ukutani inaulinda taratibu, maana breka za kiwango cha IEC 60898 zinatakiwa zisikate kwa mara 1.13 ya namba yake hata ikipita saa nzima, na kwa mara 1.45 zinaruhusiwa kuchukua mpaka saa nzima ndo zikate. Piga hesabu, breka ya 32 inaweza kubeba ampea 36 ikatulia tu, na 46 ikakaa nazo muda mrefu kabla haijashtuka. Sisi tulikuwa tunavuta kama 25. Kwa breka ile ni mzigo mwepesi, kwa waya wa moja na nusu uliojikunja ni jiko.

Kwa hiyo kabla sijasema kingine chochote: kila unaposhuka kutoka waya mnene kwenda mwembamba, hapo hapo unaposhukia panatakiwa breka inayolingana na ule mwembamba. Ndo kazi ya boksi la kugawa umeme, distro kama wanavyoliita. Inaingia 32, ndani kuna RCD ya miliampea 30 (swichi inayokata umeme ukivuja), halafu kila soketi ya 16 ina breka yake ya 16. Pweza tupa, au mfungue umtie breka.

#2

Nimekuelewa mkuu ila tuanzie chini kidogo, hizo rangi zinamaanisha nini? Mi naona tu bluu na nyekundu, na saizi zinatofautiana.

#3 Mleta uzi

Sawa. Hizo plagi za duara ni za kiwango cha IEC 60309. Bluu matundu matatu ni fezi moja, volti 230 hivi. Nyekundu matundu matano ni fezi tatu, yaani fezi, fezi, fezi, nyutro na ethi, volti 400 kati ya fezi na fezi, 230 kati ya fezi na nyutro. Njano ni volti 110, hizo utazikuta zaidi kwenye saiti za ujenzi. Zinakuja za 16, 32, 63 na 125, na hazichanganyiki, ya 32 haiingii kwenye 63, wametengeneza hivyo makusudi. Kuna nyekundu nyingine ina matundu manne, hiyo haina nyutro, ni ya mota, kwa mziki haikufai kabisa hata mtu akuapie.

Kwa nguvu, fezi moja ya 16 inakupa wati 3,680, ya 32 inakupa 7,360. Fezi tatu ya 32 ni kama kilowati 22, ya 63 ni kilowati 43 na ushee. Na waya unaoonekana kwa watu wanaojielewa ni milimita 2.5 kwa 16, milimita 6 kwa 32, milimita 16 kwa 63, wa mpira, sio ule mgumu wa kuchimbia ukutani.

#4

Hapo kwenye wati ndo napata kizunguzungu. Amplifaya yangu nyuma imeandikwa chaneli 4 za wati 2,500, jumla 10,000. Sasa nikichomeka kwenye 32 ya wati 7,360 si itakata? Mbona huwa haikati hata kwenye 16?

#5 Mleta uzi

Swali zuri na jibu lake limewapotosha wengi. Hiyo 10,000 ni kilele. Mziki hauko kileleni muda wote, kiki (ngoma kubwa ya besi) inapiga inaachia, sauti inapanda inashuka, kwa wastani unatumia kipande kidogo tu. Watengenezaji wengi wanapima ampea za amplifaya kwa moja ya nane ya nguvu yake, tafuta hiyo namba kwenye kitabu chake, ipo. Moja ya nane ya 10,000 ni 1,250, ongeza kinachopotea kama joto kwenye amplifaya ya daraja D (zile zisizopoteza umeme mwingi) unafika labda 1,600 mpaka 2,000 ukutani, ampea saba mpaka tisa. Ndo maana 16 inabeba. Ila ukipiga mziki uliobanwa sana wenye besi ndefu isiyokatika, na taa nyekundu za klipu zimewaka muda wote, hiyo hesabu ya moja ya nane isahau, unaenda kwenye moja ya tatu huko.

Kinachowasumbua watu ni kuwasha. Amplifaya ikiwashwa inameza umeme mwingi kwa sekunde kidogo sana kujaza kapasita zake, ukiwasha sita kwa mpigo breka inaruka, watu wanasema soketi mbovu. Breka ya aina B inaruka papo hapo kuanzia mara 3 mpaka 5 ya namba yake, C ni mara 5 mpaka 10. Kwenye distro ya mziki tunaweka C. Na uwashe moja moja, miksa kwanza, amplifaya mwisho, kuzima kinyume chake.

#6

Mkuu ongezea na umbali. Kuna shoo tulivuta mita 50 waya wa 2.5, amplifaya zikawa zinajizima zenyewe besi ikigonga.

#7 Mleta uzi

Hiyo volti inakufia njiani. Mita 50 kwenda na 50 kurudi ni mita 100 za shaba, kwa milimita 2.5 ni omu 0.7, ukivuta ampea 16 unapoteza volti 11. Ungetumia moja na nusu ungepoteza karibu 19. Kama ukumbi wenyewe ulikuwa unatoa 215 tu toka mwanzo basi kwenye amplifaya inafika 204 kila kiki ikigonga, si ajabu ikajizima. Dawa yake ni kupeleka waya mnene mpaka jukwaani na distro ikae jukwaani, sio distro ukutani halafu mikia mirefu myembamba.

#8

Mi natofautiana na nyie kidogo, mnatisha watu. Miaka mingi nafunga mziki, ikinguruma ule mlio wa mmmmm nakata ethi kwenye plagi ya amplifaya, mlio unaisha, shoo inaenda. Hajawahi kufa mtu.

#9 Mleta uzi

Kaka hapa sitabembeleza. Hajawahi kufa mtu BADO. Mwaka 1972 mpiga gita wa Stone the Crows, Leslie Harvey, alikufa jukwaani Swansea mbele ya watu, alishika maiki ambayo ethi yake haikuwa sawa na mikono ina majimaji. Angalia picha ilivyo, mpiga gita kashika nyuzi, nyuzi zimeungwa na bodi ya amplifaya yake kupitia jeki, mdomo uko kwenye maiki, maiki imeungwa na bodi ya miksa. Ukikata ethi upande mmoja na hicho chombo kikavuja, yeye ndo anakuwa waya. Na anahitaji kidogo sana, miliampea 10 mkono unakakamaa hauachii, hamsini na kitu mpaka mia moyo unapoteza mpangilio wake. Miliampea mia ni sehemu ya kumi ya ampea moja, breka ya 16 haitajua hata kama kuna kitu kimetokea.

Mlio unatokana na ethi kupita njia mbili, kwenye waya wa umeme na kwenye ngao ya kebo ya sauti. Kata upande wa sauti. DI boksi (kile kiboksi cha kuunganishia gita au kinanda kwenye miksa) ina kile kiswichi cha kuinua ethi, kipo kwa kazi hiyo hiyo, au tumia transfoma ya sauti, au kebo zenye balansi kila mahali. Na chomeka miksa, amplifaya na vyombo vyote vya bendi kwenye distro moja, mlio nusu yake unaondoka wenyewe. Taa zipe fezi yake mbali, hasa kama kuna dima za zamani.

#10

Naunga mkono hoja. Na wale wanaosema "nina RCD nipo salama hata bila ethi", RCD inakata ikiona ampea zilizoenda hazijarudi zote. Bila ethi chombo kinavuja hakina pa kupeleka, bodi inakaa na umeme inasubiri mtu aguse, ndo RCD inakata, yaani kipimo ni mwili wako. Na kile kitufe cha T hakipimi ethi jamani, kinapima RCD yenyewe tu. Nimekuta ukumbi kitufe kinafanya kazi vizuri na ethi haipo kabisa.

#11

Niko Marekani huku, kwa wenzangu wa huku mambo ni tofauti kidogo. Soketi kubwa utakayokutana nayo ni NEMA 14-50, ampea 50, pini nne, ina waya mbili za moto, nyutro na ethi. Moto kwa moto ni 240, kila moto kwa nyutro ni 120. Distro inagawa zile mbili kwenda kwenye breka za 20. Msije mkachomeka kwenye ile ya zamani ya pini tatu ya jiko au ya kukaushia nguo, NEMA 10, ile haina ethi ya kwake, nyutro na bodi vimeungwa pamoja. Na nyutro ikikatika huku pia ni kilio, chombo cha 120 kinaweza kupata karibu 240.

#12 Mleta uzi

Asante mdau, na hapo kwenye nyutro ndo nilikuwa naelekea. Ikikatika kwenye fezi tatu, vyombo vyako vya 230 vinajikuta vimeungwa vyenyewe kwa vyenyewe kati ya fezi na fezi. Fezi yenye mzigo mkubwa inashuka, yenye mzigo mdogo inapanda kuelekea 400. Na mzigo mdogo kwa kawaida ni nini? Miksa, kompyuta, maiki zisizo na waya. Vile vya bei mbaya ndo vinaanza kufuka moshi.

Ndo maana kwenye zile konekta kubwa za waya mmoja mmoja, Camlok na Powerlock, mpangilio ni ethi kwanza, nyutro, ndo fezi, na kuchomoa ni kinyume, fezi kwanza, ethi mwisho. Na umeme uwe umezimwa. Kufungua bodi ya umeme na kufunga mikia humo ndani ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni, sio ya kijana wa maiki hata awe mjanja vipi.

Rangi za waya pia zisikudanganye. Za sasa fezi ni kahawia, nyeusi, kijivu, nyutro bluu, ethi kijani na njano. Za Kiingereza za zamani fezi ni nyekundu, njano, BLUU, na nyutro NYEUSI. Umeona hatari iliyopo? Bluu ya zamani ni fezi, ya sasa ni nyutro, nyeusi kinyume. Uingereza walianza kubadili 2004, ikawa lazima 2006, lakini majengo mengi duniani bado yana waya za zamani, mengine nusu kwa nusu. Amini mita, rangi acha.

#13

Jamani nimeukuta huu uzi muda mwafaka. Nipo ukumbini sa hizi, kuna nyekundu ya 32 nyuma ya jukwaa, distro ninayo ya kukodi, shoo saa moja jioni. Multimita ninayo. Napima nini na nini? Ile tesa ya bisibisi haitoshi?

#14 Mleta uzi

Bisibisi weka mfukoni, inakuambia hapa kuna fezi basi, habari ya nyutro haikupi. Usichomeke kitu chochote. Multimita yako iwe imeandikwa CAT III 600V au zaidi, waya mwekundu uwe kwenye tundu la V sio la A, ukikosea hapo unapiga shoti kwenye mikono yako. Weka kwenye volti za AC, pima kwanza soketi ya kawaida unayojua inafanya kazi uone mita yenyewe nzima. Mikono mikavu, simama pakavu, shika nyuma ya kingo za vile vijiti.

Halafu angalia lile tundu kubwa kuliko mengine, hilo ni ethi. Kila fezi kwa ethi, kila fezi kwa nyutro, fezi kwa fezi, mwisho nyutro kwa ethi. Unategemea 230 kwenye zote tatu, 400 kati yao, na nyutro kwa ethi iwe karibu na sifuri, volti moja mbili hivi sio mbaya. Kama ukumbi una taa na viyoyozi waambie waviwashe wakati unapima, nyutro legevu bila mzigo inajificha. Andika zote hapa.

#15

Nimepima. Fezi kwa fezi zote 400. Fezi kwa ethi 230, 230, 231. Fezi kwa nyutro ya kwanza 170, ya pili 265, ya tatu 264. Nyutro kwa ethi 60. Hii ya 170 ndo mbovu eti? Nitumie hizo mbili zingine?

#16 Mleta uzi

USICHOMEKE. Hamna fezi mbovu hapo, kwa ethi zote ziko sawa na kati yao zote 400. Kilichohama ni nyutro. Kuna mahali imelegea au imekatika, viyoyozi viko kwenye fezi ya kwanza vinaivuta upande wao, ndo maana ile imeshuka na hizo mbili zimepanda. Hiyo 265 ni kwa sasa, viyoyozi vikizidi inapanda zaidi. Ita fundi umeme wa ukumbi, mwonyeshe namba zako, asikwambie "mbona taa zinawaka".

#17

Kaja. Kasema kweli "mbona taa zinawaka" 😂 nikampa mita apime mwenyewe, akanyamaza.

#18

Hahaha huyo bora kakubali. Wengine wanakwambia mita yako ya kichina.

#19

Wakati tunasubiri, vipi kuhusu jenereta? Maana uwanjani hamna soketi.

#20 Mleta uzi

Jenereta ni uzi wake mwenyewe, ila kwa ufupi, kVA sio kilowati, ya kVA 20 kwa kawaida hesabu kilowati 16. Na muulize mwenye jenereta kama nyutro imeungwa na ethi pale kwenye jenereta na kama kuna fito imechomekwa ardhini. Zile zinazoelea, nyutro haijagusa ethi popote, RCD yako inakuwa pambo tu. Hilo fundi umeme alithibitishe kwa kipimo, sio kwa mdomo. Na pima volti kabla hujachomeka mziki, kuna watu wanachezea rejuleta ili taa ziwake vizuri unakuta 260.

#21

Narudi. Fundi kazima meni swichi, kafungua kile kiboksi cha nyuma ya jukwaa, skrubu ya nyutro inazunguka kwa kidole. Waya umeungua mweusi kama urefu wa kucha, na ile plastiki ya bluu imerudi nyuma imekunjamana. Kakata pale palipoungua, kavua upya, kakaza, kakaza na zingine zote maana na fezi moja ilikuwa inacheza. Sasa hivi na viyoyozi vikiwa vimewaka, fezi kwa nyutro 229, 231, 230. Nyutro kwa ethi 0.8.

#22 Mleta uzi

Safi sana. Sasa chomeka distro ikiwa breka zake zote ziko chini, pandisha kuu, bonyeza kitufe cha RCD uone inakata, rudisha, halafu pima kwenye zile soketi za 16 moja moja kabla ya chombo chochote. Mziki wote fezi moja, taa zipe fezi mbili zilizobaki. Waya ufunue wote usikae umejikunja. Ukishapiga nusu saa pita nyuma ukaguse plagi zote kwa mgongo wa kiganja, uvuguvugu sio mbaya, ikikuchoma hapo ndani kuna skrubu nyingine.

#23

Saundcheki tayari. Plagi zote za baridi isipokuwa moja ya sabufa, nimeifungua, kweli waya ulikuwa umeshikwa na nyuzi kama nne tu zingine zimekatika. Nimeibadilisha.

#24

Mleta uzi tunaomba na ule wa jenereta.

#25 Mleta uzi

Wiki ijayo mkuu, leo na mimi niko saiti.